Kinasi na Ujumbe wa Deo

Jumamosi, Kibeta. Mvua imekatika sasa hivi. Ziwa bado halionekani kwa ukungu.

Natangaza kwa huzuni na heshima zote: mche wangu wa kahawa, mkazi wa ndoo ya barazani kwa miezi minne, umefariki dunia. Mazishi yamefanyika jalalani. Mke wangu alitoa rambirambi: "Waitu, jamani, mwalimu wa baiolojia anaua mche kwa kiu, na ziwa lile pale!"

Nikajitetea kwa somo, ugonjwa wangu wa siku zote. Jani likikosa maji, homoni ya ukame huongezeka. Lakini homoni peke yake haifungi vitundu vya jani. Inazifungulia kinasi, vimeng'enya vinavyobandika fosfeti kwenye protini nyingine na kuziamsha, mpaka vitundu vifungwe na maji yasitoroke.

Nilipofika kwenye fosfeti alikuwa ameshaondoka.

Nikabaki na sentensi niliyowaambia wanafunzi juzi: kinasi hizo zikiharibika, homoni hujaa na vitundu hubaki wazi. Mmea unakauka huku habari unazo.

Habari nilikuwa nazo.

Miaka ile ya UKIMWI, ugonjwa ambao haukutajwa, kila nyumba ilikuwa na jibu moja la mlangoni kwa wageni: ni malaria tu. Nilikuwa kidato cha pili. Kaka yangu Deo alikuwa amelala kwa shangazi, kijijini Kagoma, amekonda hadi saa yake ya mkononi inapanda kiwikoni. Akanishika. "Mwambie Mama aje. Leo, siyo kesho."

Nikadandia lori la ndizi mpaka mjini, nikapanda kilima hadi kwetu Nshambya. Mama akauliza, "Deo vipi?"

"Ni malaria tu. Anaendelea vizuri."

Deo akafa kabla Mama hajamwona; siku ya tatu tulimzika kibanjani, kati ya migomba.

Tangu msibani nimesimulia kwamba majirani wawili walikuwa wameketi na Mama, kwa hiyo nikatoa jibu la mlangoni, nikingoja waondoke; wakakaa mpaka usiku, nikachelewa. Mke wangu anaijua hivyo. Mama mwenyewe alinisikia nikisimulia hivyo, na mpaka anakufa hakunisahihisha.

Leo niandike ilivyokuwa.

Hapakuwa na majirani. Mama alikuwa peke yake, anamenya ndizi. Aliponitazama niliona jinsi alivyotaka iwe malaria, nami nikaogopa kuwa mtu wa kumnyang'anya. Akashusha pumzi. Akasema nikanawe, chakula kinakaribia.

Nilinawa. Nikala, nikashiba.