Njoki Mstarini

Jumatatu, 7 Februari 1955

Mstari, sala, kucha. Kama kila asubuhi. Nikapita na rula mbele ya watoto, mwenye kucha chafu namnyooshea: wewe, toka. Kamau alipotoka tu, Njoki akaniuma mkono. Meno yamezama. Miaka minane! Na si mara ya kwanza. Akishaingia darasani ni mpole, hesabu anazijua. Simwelewi. Nina hasira.

Jumanne, 8 Februari

Mwalimu Mkuu amemchapa. Hakulia. Akirudia wiki ijayo, anafukuzwa. Eti ni damu ya baba yake aliye kizuizini. Damu! Mimi nimetoka Maragoli mwezi uliopita, ya huku Thika siyajui. Lakini damu haina meno.

Jumatano, 9 Februari

Nimekwenda kambi ya wafanyakazi wa mkonge, kwa shangazi yake anayemlea. Chai alinipa, maneno hakunipa. "Ngai! Mwalimu, hayo uliza mamake, yuko Ruiru." Sawa. Atakayechoka ni mwingine, si mimi.

Jumamosi, 12 Februari

Ruiru. Mama Njoki haruhusiwi kutoka kijijini bila pasi, basi nimemfuata kwenye kahawa. Aliongea huku anachuma, hakunitazama. Askari waliosaka Mau Mau waliwapanga wanaume mstari. Akaletwa mtu aliyefunikwa gunia, matundu mawili tu ya macho. Aliyenyooshewa kidole alitoka. Baba Njoki alitoka, Njoki kamshika shati, askari wakawatenganisha. Waliotoka siku ile hakuna aliyerudi.

Na mimi kila asubuhi na rula yangu. Wewe, toka. Ningekuwa yeye, ningeuma pia.

Jumapili, 13 Februari

Nimemwomba Mwalimu Mkuu tuache kukagua kucha mstarini. Amekataa. Usafi ni usafi, na shule si ya mtoto mmoja. Nimetoka kwake nimekasirika mpaka nikasahau kanisa. Simwachi huyu mtoto.

Jumatatu, 14 Februari

Rula nimeiacha mezani. Njoki nimempa karai la maji na sabuni, nikamsimamisha kando. Nikamwambia: kila nitakayemtoa ni wako. Mwoshe, umrudishe mahali pake.

Kamau tena, huyu mtoto na udongo! Njoki alirudi nyuma na karai, maji yakamwagika miguuni. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Kisha akamwosha mpaka viwiko, akamkokota hadi nafasi yake, akasimama naye kidogo kuhakikisha. Hakuuma mtu. Mwalimu Mkuu alikuwa mlangoni. Amesema tu maji yasipotezwe.

Ijumaa, 18 Februari

Wiki imeisha, Njoki bado ni wa shule hii. Kila aliyetoka mstarini amerudishwa.

Jioni alibaki kusuuza karai. Akaniuliza, bila kuinua kichwa, kule alikopelekwa baba ni nani anayewarudisha.

Tulishika karai, yeye huku mimi huku, tukaenda kumwaga maji penye kabichi.