Afande alisema niwashe kompyuta

Rachid uko? Nijibu. Naandika haraka.

Askari wametoka kwangu sasa hivi. Wanafanya fouille, wanasaka mtaa wote wa Kanyosha, nyumba kwa nyumba. Na mi nilikuwa nimeifungua ile kompyuta yangu ku mukeka, nyaya kila upande. Si unajua inavyozimika hata kabla haijamaliza kuwaka? Nilikuwa nimetoa memori zote mbili, zile RAM, nizijaribu moja moja.

Mukubwa wao akaziangalia nyaya. "Hii ni radio ya kuongea na wale waasi wa ku milima."

Nikamwambia apana afande, ni kompyuta.

"Kama ni kompyuta, iwashe."

Iwashe! Ile mashini, Rachid! Iwashe!

Bunduki iko ku shingo yangu. Nikachomeka memori moja. Ya pili ikaniponyoka, ikaingia chini ya kabati. Nikaogopa kuinama, wasije wakasema natafuta silaha. Nikabonyeza tu, nasoma shahada moyoni.

Ikawaka. Yote. Akakaa ku kiti changu akaiangalia, dakika moja, mbili, tano. Mi nangoja izimike. Haikuzimika. Akanigonga ku bega, "Sawa, fundi," wakaenda kwa jirani.

Mpaka sasa inawaka, haijakwama hata mara moja. Kumbe ugonjwa wote ulikuwa mu ile memori iliyoanguka.

Naiona kutoka hapa, chini ya kabati. Ningenyoosha mukono tu ile saa, Rachid, ningeirudisha, na ingezimika mbele ya afande.