Wamaya Waliofungiwa Karanga

Mwalimu,

Sikuandikii kukusalimia. Salamu zako zote nilizimaliza siku tulipokufukia nyuma ya jiko letu, na tangu hapo nimebaki na hasira tu. Ni mimi, Furaha, mtoto wa nyumba uliyokuwa unapanga chumba cha nyuma. Yule uliyemkalisha kwenye benchi la Mbwa, darasa zima likacheka.

Kaka yako amefika jana kutoka Marabo. Njia imefunguka kidogo, askari wa kigeni wanapita Bunia na magari yao, na watu wameanza kurudi kutazama ni nyumba zipi bado zina mabati. Amekuja kukuchukua. Kesho asubuhi watachimba, mifupa yako iwekwe kwenye sanduku, uende ukalale karibu na baba yenu. Jana alikaa kwenye kiti chako, kile chenye mguu uliofungwa waya, akanywa chai mpaka tone la mwisho, kisha akauliza mbele ya baba na mama: "Nani alimutuma ku soko ile siku?"

Mama alisema vita ni vita. Mimi niliinuka nikaenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza, kabla sijamwambia yeye, kama kweli nitamwambia. Na kabla ya kufika huko, nisikilize kwa mara ya kwanza bila kunikatiza.

Ulitukosea. Shule ilipofungwa, wapiganaji wakilala madarasani na kupikia madawati yetu, wazazi walishukuru uliposema utafundisha kwenye baraza letu. Tulikuwa tunajiandaa kwa mtihani wa serikali. Tulitegemea hesabu, tulitegemea Kifaransa. Wewe ukaja na rundo la karatasi zenye mafuta ukasema leo tunaanza Wamaya. Wamaya! Watu wa ng'ambo ya bahari, waliokufa zamani, ambao hakuna mtu hapa Bunia aliyewahi kugombana nao. Labda ndiyo sababu uliwachagua. Sijui, hukutuambia.

Maktaba ya mapadri ilikuwa imeporwa, na vitabu vyake vikaishia sokoni, kila ukurasa ukikunjwa kuwa kifuko cha karanga. Mtu mwingine angelia akanyamaza. Wewe ulikula karanga. Ulikula karanga asubuhi na mchana, tumbo likakusumbua, ili tu upate kurasa za kile kitabu kimoja cha Wamaya ambacho ulikuwa umekisoma nusu kabla ya uporaji. Sisi wanafunzi ukatugeuza waokotaji wa takataka zako. Ilikuwa ni kwenda sokoni kwa Mama Karanga, kupekua rundo lake, kutafuta picha za mawe na manyoya, na kuomba tufungiwe kwa ukurasa huo wala si mwingine. Mama Karanga alidhani tumerukwa na akili. Ukizipata, ulizitandaza kwenye mkeka na kuzinyunyizia unga wa muhogo ili unyonye mafuta, kisha ukaziwekea jiwe. Unga wetu, Mwalimu, wakati watu wanahesabu vijiko! Mama alikaribia kukufukuza. Alisema: "Huyu mwalimu iko anakulisha makaratasi unga, na batoto banalala njaa."

Na kwa kuwa kurasa zilikuja ovyo, tuliwasoma Wamaya kinyumenyume. Tulijua walivyoangamia kabla ya kujua walivyozaliwa. Tulijua padri mmoja wa Kihispania alichoma vitabu vyao kabla hatujajua kwamba walikuwa na vitabu. Siku ile uligeukia ubao, ukakaa hivyo kwa muda mrefu, na sisi tukajifanya hatuoni mabega yako.

Nakubali, benchi lilikuwa jambo zuri. Tulikuwa tumeanza kukaa kwa kabila, huku wa kwetu, kule wa kwao, katikati pengo ambalo mtu angeweza kupitisha ng'ombe. Hukutugombeza. Ulituuliza tarehe za kuzaliwa, ukapiga hesabu zako za kalenda ya Wamaya usiku mzima, na asubuhi ukatupanga upya kwa majina ya siku zao: Mamba hapa, Upepo pale, Mahindi, Nyoka, Kulungu. Mimi nikawa Mbwa. Nilinuna. Ukasema kwa Wamaya mbwa ndiye anayemwongoza marehemu njiani, kwa hiyo ninyamaze nikae. Nikakaa na Esperansi, wa upande ule, Mbwa mwenzangu. Tulichangia kalamu moja ya biki kwa miezi. Kisha nyumba yao ikachomwa, na waliochoma walikuwa watu wa kwetu. Wanasema yuko Aru. Hajaniandikia hata mstari mmoja. Benchi lako lilisaidia nini? Nakuuliza kweli.

Unakumbuka ule ukurasa wa wafalme waliojitoboa ulimi ili damu idondoke kwenye karatasi, karatasi ichomwe, moshi upande kwa miungu? Darasa lilipiga kelele kwamba hao ni wanyama. Mimi nilikuwa namfikiria mjomba wangu aliyeuawa Bambu. Nikanyoosha mkono nikasema: "Mwalimu, hao walau walijua damu inaenda kwa nani. Ya kwetu inalisha nani?" Ukasema hilo ni swali zuri na tutalirudia. Hatukulirudia. Ukapiga kengele yako ya kifuniko cha sufuria na kutuambia twende nyumbani, na mimi nilikuwa tayari nyumbani.

Halafu kuna jambo la koko. Hilo nalo sijalisahau. Koko, yaani bibi yangu, alikuwa akiweka uji kidogo kwenye kona ya nyumba kwa ajili ya watu wake waliotangulia, hata wakati wa njaa. Ulimwona ukacheka. Ulisema: "Koko, ile mambo ni ya zamani, inakuharibia uji bure." Siku mbili tu baadaye ukatueleza kwa heshima zote, sauti imeshuka kama uko kanisani, jinsi Wamaya walivyowawekea miungu yao chakula. Nilikufuata chumbani mwako nikakwambia ukweli: wafu wa ng'ambo unawavulia kofia, wafu wa kwetu unawacheka. Uliona aibu, nilikuona. Kesho yake ukaenda kwa koko na daftari, ukaomba akuhadithie. Alikugeuzia mgongo akakwambia: "Uende kwa batu yako ya ng'ambo, bakuhadithie." Wiki nzima nilicheka peke yangu. Mpaka leo koko anadai kwamba ulikuwa unarudi kila jioni na daftari lile, na kwamba alikuwa karibu kukubali. Ameanza kukuwekea uji wewe pia. Nimemwambia hukustahili.

Basi. Siku ile.

Asubuhi mama alinituma chumvi. Nilipita kwa Mama Karanga kama kawaida. Alikuwa anafungasha vitu vyake haraka, maana milio ilikuwa imeanza upande wa uwanja wa ndege. Juu ya rundo lake nikaona picha, watu wamesimama kwenye mstari, wamevaa manyoya marefu mno kichwani na njuga kiunoni. Sikuwa na pesa ya karanga, na sikuthubutu kusimama kuusoma ukurasa. Nilikimbia nyumbani nikiwa na chumvi na ile habari, na habari niliiona tamu kuliko chumvi.

Nilikukuta unanyoa ndevu. Nikakwambia: "Mwalimu, nimewaona. Wamaya. Picha kubwa."

Ukauliza: "Manyoya? Marefu?"

Nikanyanyua mkono juu ya kichwa changu kadiri ulivyofika. Nilikuwa na fahari, Mwalimu. Wenzangu walikuletea mawe na magofu, mimi nilikuwa nimekuonea wafalme. Ukafuta povu upande mmoja wa uso. Mama alikuwa anafunga vyombo kwenye kitenge, akakwambia: "Mwalimu, batu banakimbia, weye unaenda wapi?" Ukasema narudi sasa hivi. Ukachukua mfuko wako ukatoka. Ningeweza kusema sina hakika. Ningeweza kusema sikusoma. Nilisimama mlangoni nikifurahi.

Tulilala chini ya vitanda siku mbili. Siku ya tatu mimi na baba tulikwenda kukutafuta. Ulikuwa kando ya ukuta wa soko, umekaa, umeegemea, upande mmoja wa uso umenyolewa na mwingine bado. Tulikuleta kwa mkokoteni wa kubebea maji. Njia ya makaburini ilikuwa imefungwa, kwa hiyo baba akachimba nyuma ya jiko, mama akitoa kitenge chake cha harusi kukuvika, yeye aliyekunung'unikia kila siku kwa sababu ya unga. Baba alipokwenda kuazima koleo la pili, nilikumbuka ukurasa mwingine. Wamaya walizika watu wao chini ya sakafu ya nyumba, na kuwatia mahindi mdomoni wasikose chakula njiani. Nilichukua punje moja kutoka kwenye kapu la mbegu nikakutia mdomoni. Sikumwambia mtu. Mchungaji akijua atanitenga.

Na usidhani kuna kitu kimeota. Nimeangalia kila wiki. Ni majani tu, na kuku wa jirani wanachakura.

Kwenye mfuko wa shati lako nilikuta karatasi imekunjwa mara nne. Niliificha. Nilisema nitaisoma nikiweza, na ilinichukua mpaka baada ya arobaini yako ndipo nikaikunjua. Manyoya yalikuwepo, marefu kama nilivyosema. Nikasoma maandishi ya chini ya picha, taratibu, kwa Kifaransa ulichonifundisha.

Ni Wabelgiji, Mwalimu. Ni ukurasa wa gazeti la zamani la mapadri, Wabelgiji kwenye sikukuu ya mji wao, wamevaa manyoya ya mbuni na wanarushia watu machungwa. Ulikwenda kufa kwa sababu ya Wabelgiji wanaorusha machungwa, na mimi ndiye niliyekutuma.

Kisha nikaona pembeni, kwa biki yako nyekundu, mwandiko wako ule wa ubaoni: "Furaha. Si hao. Soma kwanza, ndipo uamini picha. Tafuta tena."

Hapo ndipo nilipokuchukia kweli. Ulikuwa na muda! Watu wanakimbia, wanaacha viatu, milio inakaribia, na wewe uko pale sokoni unatoa biki, unaondoa kifuniko, unasahihisha! Ungekunja karatasi na kukimbia ungefika. Ungeitupa ungefika. Ni mistari miwili tu, lakini ndiyo iliyobaki kati yako na mlango wetu. Nani alikuomba unisahihishe? Nimelia kwa hasira mpaka mama akadhani nina malaria.

Hasira hiyo nimeishi nayo kwa sababu ile ya kujikasirikia mwenyewe ilikuwa nzito zaidi. Ilikuwa rahisi kusema biki ndiyo iliyokuua kuliko kusema ni mimi. Leo nasema. Ni mimi niliyekuja mbio na habari ambayo sikuisoma. Wewe uliona kosa, hukunitukana, ulinipa kazi ya nyumbani. Na pengine ulisimama pale kwa sababu uliogopa nitakata tamaa ukirudi mikono mitupu. Nimekufahamu miaka mitatu, hilo ungelifanya.

Kesho, kabla hawajachimba, nitamwambia kaka yako. Nitamwonyesha karatasi, pande zote mbili. Nitamwambia pia kuhusu punje, ili asishtuke akiona kitu, na mchungaji atajua mwenyewe la kufanya. Akinipiga, sitakwepa. Akiniuliza kwa nini nilinyamaza muda wote huu, nitamwambia niliogopa, kwa kuwa hakuna neno lingine.

Kurasa kumi na moja nimeshazipata tangu ufe. Mama Karanga amerudi, ananiwekea kando. Ziko chini ya jiwe, na mama ndiye anayezinyunyizia unga. Nitaendelea kutafuta, nakuahidi, na kila picha nitaisoma kabla ya kufungua mdomo. Lakini mtu akiniambia kimbia, nitaziacha zote chini nikimbie. Hilo sitajifunza kwako.

Nenda salama, Mwalimu. Koko ametengeneza uji wa safari, usiucheke. Nitamwomba kaka yako aniruhusu kwenda na sanduku mpaka Marabo. Akikataa baada ya kunisikia, nitafuata kwa mbali, kwa miguu, mpaka nione umefika. Sijakusamehe na wewe pengine hujanisamehe, lakini uliniambia mwenyewe kazi ya Mbwa ni ipi.

Furaha