Vijiti vya kitalu vimeota majani

Jumamosi, siku za mwisho za mwezi wa pili. Asubuhi ukungu, saa nne jua kali, saa tisa mawingu yakajikusanya upande wa Vuhovi halafu yakapita bila kutuachia hata tone. Mwili mzima. Moyo, sijui.

Sijaandika humu tangu Noeli. Kazi hazikuwa nyingi kiasi hicho. Ila mtu anayeandika habari za karoti na mbolea kila wiki akinyamaza ghafla, ujue kuna kitu anakikwepa.

Bon. Nianze na bustani, maana ndiko yote yalikotokea.

Bustani ni ya marehemu mama, kule bondeni, dakika ishirini kwa mguu kutoka nyumbani kwangu hapa Butembo. Nusu ya juu nalima mimi nikitoka kufundisha. Nusu ya chini analima Mama Kahindo, ambaye alikimbia vita upande wa Mutwanga miaka minne iliyopita. Mama alimpa ile nusu kwa mdomo tu, bila karatasi, bila shahidi. Huko kwao Mama Kahindo alijua kakao. Kabichi alifundishwa na mama yangu, na kusema ukweli siku hizi ananishinda. Mama alipofariki mwaka jana sikumwambia kama aendelee au aache, wala yeye hakuniuliza. Tulisalimiana, tukalima. Mimi maneno mengi hapana.

Mwezi wa kwanza, mvua zikikatika, kazi ni zilezile kila mwaka. Niling'oa visiki vya kabichi zilizovunwa, nikavitupa kwenye shimo la mbolea pamoja na majivu na mavi ya mbuzi. Nikalima mara ya kwanza, nikaacha mabonge wazi ili jua liue magugu. Nikachagua mbegu za maharagi. Zilizotobolewa na wadudu zikaenda kwenye sufuria, na tulizila bila kulalamika. Mwisho nikatengeneza kitalu cha kabichi na poireaux, vile vitunguu vya majani marefu, ili mvua za mwezi wa tatu zikute miche tayari.

Kitalu kinataka kivuli, na kivuli kinataka vijiti vya kubeba nyasi. Udongo mzuri na maji ya mtaro viko katikati, pale nusu yangu inapokutana na ya Mama Kahindo. Nikakiweka hapo, kirefu na chembamba, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Vijiti sikuwa navyo. Nikapanda hadi mwisho wa bustani, nikakata kumi na viwili kutoka mti wa mpaka, ule mwembamba wenye majani marefu ambao huku kwetu hakuna mtoto asiyeujua.

Cheka tu, wewe unayesoma. Mimi mtoto wa hapa, niliyefunzwa jembe kabla ya kalamu, nilisahau kwamba ule mti ukiukata na kuuchomeka ardhini unashika. Ndiyo sababu wazee waliuchagua kuwa mpaka. Haufi.

Wiki tatu zikapita, vijiti vikatoa majani. Vyote kumi na viwili, mstari mnyoofu, umepasua bustani ya mama katikati.

Mama Kahindo akaacha kuja.

Wiki ya kwanza nilijiambia anaumwa. Wiki ya pili nilijiambia amekwenda Beni, ana ndugu huko. Nusu yake ikabaki na magugu, jembe halijagusa, na watu wote bondeni walikuwa wameshalima mara ya pili. Sikwenda kumuuliza. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, ndivyo nilivyojiambia pia.

Leo asubuhi Papa Muhindo, mzee anayelima chini yetu, alisimama kwenye njia, mikono juu ya mpini wa jembe. Huniita Maître, yaani mwalimu, kama watu wote bondeni.

"Maître, kumbe ule mama ulimufukuza? Ungetuambia basi."

"Mimi? Nilimufukuza wakati gani?"

Akaelekeza kidevu kwenye kitalu changu. "Na ile mupaka njo nini? Mapambo?"

Niliacha jembe palepale, nikachukua moto, pikipiki ya abiria, nikaenda ng'ambo ya pili ya mji, kwenye nyumba ya familia iliyompokea Mama Kahindo.

Nilimkuta uani anafunga mbegu zake kwenye vitambaa, kila aina na fundo lake. Alikuwa amepata mahali pa kulima Vuhovi. Mbali, udongo umechoka, lakini mwenye shamba alikuwa amemwita mbele ya watu na kumwonyesha mwanzo na mwisho. Alitakiwa kupeleka jibu Jumatatu.

"Niliona mupaka, Maître," akasema kabla sijafungua mdomo. "Shamba ni ya kwenu. Hapana shida."

Angenitukana ningepumua.

Nikamweleza: ni vijiti vya kivuli tu, nilikata bila kufikiri, sikupanda mpaka wowote, mama alimpa na mimi sijamnyang'anya. Nilisema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia kwa miaka minne. Halafu akacheka, akafunika mdomo kwa ule mkono wenye mbegu.

"Na weye mutoto wa hapa! Ungekuwa mugeni kama miye, ningeelewa."

Tukarudi wote wawili bondeni. Mti wa mpaka haung'olewi na mtu mmoja; ukiung'oa peke yako umeiba ardhi, hata kama ardhi ni yako. Wanashika wawili, wa upande huu na wa upande ule, na mtu wa tatu anaona. Papa Muhindo ndiye aliyeona, na hakuacha kututania. Alisema hajawahi kushuhudia watu wakigombania kivuli cha poireaux.

Mimi nilishika upande wa juu, yeye upande wa chini, tukavuta. Mizizi ilikuwa myeupe, mirefu kama kidole changu cha kati. Sikutegemea mizizi mirefu hivyo.

Tulipofika kijiti cha saba Mama Kahindo akauliza, taratibu, bila kuinua kichwa:

"Mais Maître, wakati majani ilianza kutoka, haukuiona?"

"Hapana," nikasema. "Sikuona."

Nikainama, nikashika cha nane. Tukamaliza. Akafuta mikono kwenye kitenge, akasema "Wasingya", ndiyo asante ya kwetu, ambayo mama yangu alimfundisha pamoja na kabichi. Akamtuma mtu apeleke neno Vuhovi kwamba haendi tena? Hapana, bado. Alisema atapeleka mwenyewe Jumatatu mchana, akishaonja udongo wake asubuhi.

Sasa niandike kile nilichokuwa nakwepa.

Niliona.

Niliona siku ileile majani yalipochungulia. Nilikuja kumwagilia, nikaona ncha za kijani kwenye vijiti viwili, halafu vitano, na nikajua mara moja mtu yeyote wa huku atasoma nini pale. Nilisimama na ndoo mkononi. Nikatazama nusu ya chini, nikawaza mistari mingapi ya poireaux ingeingia. Nikawaza kwamba nisingelazimika kusema neno lolote kwa mtu yeyote. Na nikaendelea kumwagilia kitalu, jioni kwa jioni, wiki tatu, huku maji yakifika kwenye vijiti vilevile.

Sikumchukia yule mama, hata siku moja. Sikuwa hata na hamu kubwa ya ardhi. Niliacha tu mti ufanye kazi yangu. Naona aibu, na naiandika kirahisi, jambo ambalo nalo linanitia wasiwasi kidogo.

Vijiti nimevirudisha nyumbani, nimeviweka juu ya jiko vikauke kwa moshi. Kwenye shimo la mbolea vingeota tena.

Kesho Jumapili, tutakuwa kanisani, hakuna atakayelima. Jumatatu asubuhi, kabla ya shule, Mama Kahindo anakuja kusafisha kipande kidogo cha nusu yake na kupanda miche ya kwanza kutoka kitalu. Nikimwambia akishapanda na kupeleka jibu, Vuhovi itakuwa imempita na itabidi anisamehe. Wazo hilo lilinijia haraka sana, nikalitambua: ni ndugu wa yule mtu aliyesimama na ndoo.

Basi nitamwambia kabla hajatoboa shimo la kwanza, wakati bado ana mahali pengine pa kwenda. Nimeshaliandika hapa. Safari hii siwezi kusema sikuona.