Sanduku la Karani na Mbeleko ya Mama

Jumamosi. Upepo tangu alfajiri, vumbi hadi kwenye uji, na mimi nimeamka nimenuna.

Nimenuna kwa sababu ya mkoba. Bibi mwalimu wa misheni, yule Mmarekani aliyetuletea sisi wasichana mchezo wa besiboli, alisema jana mbele ya wote kwamba Jumatatu nisipokuja na kitu cha maana cha kubebea vifaa, vifaa vinarudi kwake na Naomi ndiye atakayedaka. Naomi hufumba macho mpira ukija.

Mdakaji ni mimi. Nachuchumaa nyuma ya mpigaji, wavu wa chuma usoni, bamba kifuani, magamba ya ngozi miguuni, na kila mpira anaoukosa yeye ni wangu. Vifaa nakaa navyo nyumbani, Utemini, kwa kuwa ghala la misheni limejaa mchwa. Lakini wiki iliyopita mbwa wa jirani alitoboa gunia langu akatafuna mkanda wa gamba moja. Bibi mwalimu aliushika ule mkanda kama ameshika panya.

Basi asubuhi nikaenda sokoni na shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye tangu baba afariki ndiye msemaji wa mambo yangu yote, hata yasiyomhusu.

Takataka nilizoonyeshwa leo zinanitosha hadi uzeeni. Kikapu cha ukindu nilikitia jiwe tu, kitako kikaachia palepale. Begi la turubai lilipendeza kwa macho, nikavuta mshono kidogo, uzi wote ukanifuata mkononi. Halafu sanduku la karatasi ngumu lililopakwa rangi, ambalo mwenye duka aliniapia ni ngozi. Nikalowesha kidole kwa mate, nikasugua, ngozi yake ikabaki kidoleni. Akanifukuza. Shangazi alikuwa anacheka chinichini, nikadhani ananicheka mimi.

Kumbe alikuwa na lake.

Nyumbani tulimkuta Karani wa Boma, yule anayetaka kunioa, amekaa kwenye kiti chetu kimoja chenye mgongo. Soksi hadi magotini, kalamu mbili mfukoni, na uso wa mtu aliyezoea watu wasimame akiingia. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu nimelelewa, naye akaitika marahaba bila haya. Mchumba gani anaitika marahaba? Miguuni pake palikuwa na sanduku la bati, jipya, la kijani, pembe zimekazwa kwa chuma. Alimlipa mchukuzi alilete, maana Karani habebi kitu kizito kuliko muhuri.

"Nimesikia unatafuta cha kubebea vile vyombo vya mchezo," akasema. "Sasa umepata. Ingawa michezo yenyewe ni ya muda tu."

"Ahsante sana, Bwana Karani," shangazi akajibu kwa niaba yangu.

Akaaga upesi, asije akasikia jibu langu. Nikafungua sanduku. Ndani kulikuwa na doti ya khanga na sabuni ya kunukia juu yake. Sijui nani hudaka mpira kwa sabuni.

Niseme ukweli, lile sanduku ni imara. Nililipiga teke, halikubonyea. Kitu bora nilichokiona siku nzima kimetoka kwa mtu ambaye mpira ukimjia atamwita mtu mwingine aushike. Na hapa kwetu sanduku la mwanamume likilala usiku mmoja nyumbani kwa msichana, limeshakubaliwa, kinachobaki ni kuhesabu ng'ombe. Shangazi alijua. Ndiye aliyempelekea Karani habari za Jumatatu yangu.

Nikakaa nalitazama. Nalidharau, na nalitaka.

Mama muda wote alikuwa anapepeta mtama. Jua lilipoanza kushuka akaingia ndani, akatoka na mbeleko yake, ile ya ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa kwa samli mpaka ikawa nyeusi. Ametubebea sisi sote sita. Huning'inia juu ya kitanda chake ikimngoja mtoto wangu wa kwanza, nimeambiwa hivyo tangu nipate akili. Akaitandaza chini, akapanga wavu, bamba, magamba na glovu, akafunga, akanitwika mgongoni na kukaza kamba kifuani. Nikaruka. Hakuna kilichocheza.

Shangazi alishika kichwa. "Mbeleko ya watoto unafungia vyuma? Huyu atazaa mipira."

"Wifi," mama akasema, "huyu nimembeba mimi kwa hii. Najua inachoweza."

Kisha akajitwika sanduku la Karani, khanga na sabuni ndani yake, akalirudisha mwenyewe hadi nyumba za makarani, jua likiwaka bado, watu wakimwona. Shangazi alimfuata akisema peke yake njia nzima. Mama alirudi giza linaingia, mikono mitupu, akauliza kama ugali umeiva.

Karani alisema nini sijui. Naogopa kidogo, maana mtu wa namna ile hulipiza kwa kalamu, na mama ni mjane. Lakini sanduku halimo humu ndani.

Jumatatu nitapita mbele ya Boma na mbeleko mgongoni, na watakaocheka wacheke. Ikiwa siku moja nitazaa, na mtu nitakayemchagua mwenyewe, mtoto huyo itabidi azoee harufu ya jasho la besiboli.