Maelezo ya Amran Billow kuhusu Kitambaa cha Kijani na Kutoweka kwa Sahara Kerrow

KITUO CHA POLISI, GARISSA
Jumanne, tarehe 8 Februari 1955

Jina: Amran Billow. Umri: kama miaka arobaini. Kazi: kuuza maziwa ya ngamia. Makao: Galbet.

Nauza maziwa nje ya lango la hospitali. Sahara Kerrow ni jirani yangu. Mume wake, Rage, amelazwa humo kwa homa ya mapafu, na Sahara hukaa nami langoni akisubiri saa ya kumwona.

Mnamo tarehe 7 Februari, saa nne asubuhi, walikuwepo watu wa sinema, mzungu mmoja na vibarua wanne. Walitaka kumpiga picha muuguzi akizungumza juu ya kifua kikuu. Mzungu alisema nyuma ya muuguzi kusionekane punda wala watu, kitambaa tu, na kisiwe cheupe kwa sababu juani kingeng'aa mno kwenye picha. Wakanunua cha kijani. Kilikuwa na mikunjo, naye hakutaka mkunjo hata mmoja, utadhani muuguzi anaolewa. Vibarua wakakilowesha kwenye bomba la hospitali. Halafu, ili wasiende mara mbili uwanjani kwa kupigia picha, wakapanga vyuma vya kukisimamishia na magunia ya mchanga ya kuvikaza juu ya kitanda cha kamba, wakavifunika kwa kitambaa hicho, wakakikaza pembe zote kikauke kimenyooka. Wakainua kitanda mabegani, wakatoka langoni.

Afande, wewe si wa huku. Kwetu kitanda kikitoka hospitali mabegani, kimefunikwa kijani, hakiulizwi. Wanaume waliacha chai zao wakaja kupokezana. Mmoja akasema, "Inna lillahi." Kibarua mmoja, mgeni, akawaambia, "Asanteni, ni kizito," akapisha bega. Mjinga yule!

Sahara alisimama. Akaniambia, "Abaayo, leo hawajaniita kumwona."

Nikamwambia, "Ngoja dada, niulize ndani."

Mwanamke kwetu hafuati jeneza. Angelifuata, angewaona wanaume uwanjani wakifunua na kukuta mchanga. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi wakati huo nilikuwa wodini. Rage alikuwa hai, anakunywa uji. Akaniuliza mke wake yuko wapi. Nikamjibu, "Anakuja."

Niliporudi langoni Sahara hakuwepo. Nikakimbilia nyumbani, mama yangu akasema Sahara amemwachia watoto wake wawili, amekwenda kuwaita shemeji zake waliko na ngamia, njia ya Sangailu, waje msibani. Ni mwendo wa siku mbili kwa miguu, na kiangazi hiki visima vya njiani vimekauka. Alibeba kibuyu kimoja cha maji. Ana mimba ya miezi saba. Nilimfuata hadi nje ya mji nikimwita mpaka sauti ikanikauka na giza likaingia, nikarudi.

Naogopa sana, afande. Tumeni gari sasa hivi, maneno haya mtayamaliza baadaye. Na Rage asiambiwe. Namjua, hatakaa kitandani, na kifua chake hakiwezi jua lile.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimesomewa, na ni kweli.

Dole gumba la kushoto: Amran Billow

Maandishi ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya na kumsomea shahidi, saa tatu asubuhi. Gari limeagizwa. Shahidi akiwa bado anafuta wino kidoleni, muuguzi amefika kuripoti kwamba Rage ameambiwa na mgonjwa mwenzake, naye ameondoka kwa miguu kuelekea Sangailu. Nimebadilisha agizo la gari. Watafutwe watu wawili.

Koplo J. Mutiso