Kitufe cha Maji Moto

Dada yangu,

Shikamoo. Huku tu wazima, mtoto ameota jino na anamng'ata kila anayembeba. Mashine ya kahawa nayo nzima, inang'aa pale kwenye korido ya hospitali, nje ya wodi ya watoto. Watu wanaipangia foleni tangu asubuhi, sikudanganyi.

Ila kahawa hawanunui. Mashine ina kitufe cha maji moto, na hicho hakidai hela. Wakati wa kununua nilikiona, nikadhani ni cha kuoshea vikombe. Sasa kina mama wanakuja na chupa za chai, wanajaza, wanarudi kuwakorogea watoto maziwa. Umeme nalipa mimi.

Fundi amenipa ufunguo mdogo. "Zungusha tu, bosi, maji yanakata."

Leo nimekwenda nao mfukoni. Bibi mmoja akanishika mkono: "Pita mbele, baba. Pole na mgonjwa." Wote wakanipisha. Nikapita, nikajaza maji kikombe kimoja, nikashukuru, nikaondoka.

Shemeji ameniambia watu wa kikundi wamekuja kubeba cherehani yako kwa ule mkopo wa mashine ulionichukulia. Wewe hukuniambia kitu. Bora ungenitukana.

Ufunguo nimeutia humu kwenye bahasha. Njoo uzungushe wewe, dada. Mimi nimeshindwa.

Mdogo wako,
Tajiri (kama bado unaniita hivyo)